Kitambulisho cha babu: kisa cha binti wa Kizingitini mbele ya Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole. Nimekisuka kutokana na mambo ambayo wakaazi wengi wa Lamu Mashariki wameyaona au kuyasikia, ndiyo maana mhusika hana jina na ofisi haitajwi. Sheria na hukumu ninazozitaja ni za kweli.

Mwaka ni 2023. Binti wa Kibajuni, jamii ya pwani iliyoko Kenya na Somalia, mzaliwa wa Kizingitini kisiwani Pate, amemaliza kidato cha nne na kutimiza miaka 18. Anakwenda ofisi ya usajili kuomba kitambulisho cha taifa. Ana cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, nakala za vitambulisho vya baba na mama, na barua ya chifu. Karani anazipokea karatasi, anazisoma moja moja, hapati kasoro. Kisha anauliza:

"Babu yako yuko wapi?"

"Alishafariki."

"Kitambulisho chake?"

"Sijawahi kukiona."

"Basi kakitafute. Na mwisho wa mwezi kuna kamati ya wazee, uje upigwe msasa. Nyinyi Wabajuni mko huku na mko Kismayu, tutajuaje wewe ni wa wapi?"

Wiki hiyo hiyo, ofisi hiyo hiyo, mwenzake waliyesoma darasa moja aliomba kitambulisho. Baba yake ni mfanyakazi wa serikali aliyetoka bara na kuhamia Lamu kikazi. Karatasi zake zilikuwa zile zile: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Hakuulizwa habari ya babu. Alichukuliwa alama za vidole siku ile ile na kadi ikatoka.

Binti wa Kizingitini alianza safari za njoo kesho. Asiyeijua njia ile huenda akadhani ni mwendo wa kuvuka barabara. Boti hungoja maji yajae ndipo ipite mkondo wa bahari wa Mkanda. Ukichelewa, maji yakitoka, safari imekwenda na nauli yako. Siku moja kamati ilikaa, siku nyingine mwenyekiti hakuja. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hawezi kujiandikisha kupiga kura, na kuomba mkopo wa masomo ni ndoto. Akipanda basi la Malindi, kwenye vizuizi vya usalama abiria huambiwa watoe vitambulisho, naye hushushwa kando na kuulizwa maswali wenzake wakimngojea ndani.

Huo ndio mkasa. Sasa tuupeleke kwenye sheria.

Watu wengi, wakisikia ubaguzi wa kikabila, huanza kutafuta chuki. Wanataka kujua karani alikuwa na roho gani, katoka kabila gani, kama alitukana. Katika kisa hiki utafutaji huo ungekwama mapema: karani hakuwa mkorofi, na kwenye kamati ya wazee mlikuwa na Wabajuni wawili. Watetezi wa utaratibu ule hupenda kusema, "Mbajuni atambaguaje Mbajuni mwenzake?" Swali hilo linasikika zito mpaka usome Katiba. Kifungu cha 27(4) cha Katiba ya 2010 kinaikataza serikali kumbagua mtu, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi kadha wa kadha, ikiwemo rangi, asili ya kikabila au kijamii, dini, utamaduni, mavazi, lugha na kuzaliwa. Hakuna mahali kinapotaka mlalamishi athibitishe kilichomo moyoni mwa mtu. Mkataba wa kimataifa wa 1965 wa kuondoa aina zote za ubaguzi wa rangi, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2001, unaliweka wazi zaidi: ubaguzi ni kutofautisha watu kwa rangi, nasaba au asili ya kikabila kwa lengo la kuwanyima haki, au kwa namna ambayo matokeo yake ni kuwanyima haki. Matokeo yanatosha. Na kwa Kifungu cha 2(6), mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya.

Kwa hiyo mshauri wa binti, wakili aliyeko Malindi, aliacha habari ya roho ya karani na kushika orodha ya karatasi. Hapo ndipo kesi ilipo.

Tuanze na karatasi yenyewe, kitambulisho cha babu. Kifungu cha 14(1) kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia. Ni hivyo tu, na mmoja wao anatosha. Babu hamo. Wazazi wa binti wana vitambulisho vilivyotolewa na serikali hii hii baada ya kuwahoji na kuwakubali, na nambari zao zimo kwenye kumbukumbu za serikali. Ofisi ikiwa na shaka juu ya baba, inayo faili ya baba. Kumtuma mtoto wake wa miaka 18 akafukue makaratasi ya marehemu ni kumbebesha mwombaji kazi ya ofisi, tena kazi isiyohusiana na swali ambalo Katiba imeliuliza. Halafu Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya usajili au kitambulisho ambayo serikali huwapa raia. Kwa hiyo kilichozuiliwa ofisini pale ni haki yake, wala si fadhila ambayo karani angeweza kuitoa au kuikunja mfukoni.

Sheria ya Usajili wa Watu humpa msajili uwezo wa kudai ushahidi zaidi pale anapoona haja. Uwezo huo ni halali, na upo kwa ajili ya Wakenya wote. Sheria haimtaji Mbajuni, Msomali wala Mnubi. Mlango wa ubaguzi uko kwenye hiari ya afisa: nani anadaiwa ushahidi zaidi, na nani hadaiwi.

Sasa chukua upande mgumu zaidi. Tuseme karani hakutamka "nyinyi Wabajuni." Tuseme ofisi ingemwuliza kila mtu Lamu kitambulisho cha babu, bila kuchagua. Je, hapo ubaguzi umekwisha? Hapana, na sababu iko kwenye historia ya pwani ile. Vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, 1963 hadi 1967, viliwang'oa Wabajuni wengi kutoka vijiji vya kaskazini, kuelekea Kiunga na mpakani. Watu walikimbia na walichoweza kubeba. Wengine wakaishia Faza na Kizingitini, wengine Amu, yaani Lamu mjini, wengine Malindi na Mombasa, na baadhi ya vijiji vile havikukaliwa tena. Babu wa binti alikuwa mmoja wa waliokimbia. Ukimdai mjukuu wa mtu huyo karatasi ya miaka ile, unamdai kitu ambacho jamii yake ilikipoteza wakati serikali iliposhindwa kuilinda. Sharti lenyewe linaonekana sawa kwa wote, lakini mzigo wake unaiangukia jamii moja kuliko nyingine. Huo ndio ubaguzi usio wa moja kwa moja, na maneno hayo yamo ndani ya 27(4) kwa sababu ya hali kama hii.

Hata hivyo hoja nzuri bila ushahidi ni baraza la kahawa. Kilichoipa kesi hii uti wa mgongo ni yule mwenzake wa darasani.

Mahakama za Kenya zikisikiliza madai ya ubaguzi, mara nyingi hufuata hatua zilizotumiwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Harksen dhidi ya Lane, ya 1997. Je, watu wametendewa tofauti? Tofauti hiyo ina uhusiano wa maana na lengo halali? Imejengwa juu ya msingi uliokatazwa? Kama ni hivyo, inaweza kutetewa? Kujibu swali la kwanza unahitaji mtu wa kulinganishwa naye, aliye katika hali moja na mlalamishi isipokuwa kwa lile jambo linalolalamikiwa. Hapa alipatikana mtu wa umri ule ule, shule ile ile, ofisi ile ile, wiki ile ile, karatasi zile zile. Binti mwenyewe alitaka kulalamikia pia dini na buibui. Lakini mwenzake ni Muislamu, na siku ile alivaa hijabu vile vile. Mambo hayo mawili yakajitoa yenyewe, ikabaki asili ya kikabila peke yake. Kwa maoni yangu kesi iliyobaki ilikuwa na nguvu kuliko ile aliyotaka kuanza nayo. Kurundika misingi yote ya Kifungu cha 27 kwenye ombi moja huonekana kama nguvu, lakini humpa wakili wa serikali nafasi ya kuibomoa dhaifu na kuichafua iliyo imara. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mahakama zetu zimemtaka anayedai haki zake zimevunjwa aseme waziwazi ni haki ipi, kifungu kipi, na imevunjwa vipi.

Mwenzake alikubali kula kiapo. Hilo si jambo dogo. Baba yake ni mtumishi wa serikali, na hakuna aliyemlazimisha. Hati yake ya kiapo haikulaumu mtu. Ilieleza tu tarehe, karatasi alizopeleka na maswali aliyoulizwa.

Kabla ya mahakama ilibidi ofisi iseme neno lake kwa maandishi. Maneno ya karani dirishani yanakanushika, asubuhi hayo, jioni "sikusema hivyo." Kifungu cha 47 kinampa mtu anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu zilizoandikwa, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la habari. Barua iliandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Iliuliza ni sheria gani inayodai kitambulisho cha babu, ni waombaji gani wanaopelekwa kwenye kamati, na kamati imeundwa kwa hati gani. Nakala ilipigwa mhuri wa kupokelewa. Nawasihi wanaosoma haya: msiondoke dirishani bila mhuri ule.

Jibu lilikuja aya mbili. Kiini chake kilikuwa kwamba waombaji wa maeneo ya mpakani hufanyiwa uhakiki wa ziada kwa mujibu wa taratibu za usalama.

Wengi wangeisoma barua ile kama mlango uliofungwa. Wakili yule wa Malindi aliisoma akacheka. Kwanza, ofisi ilisema "taratibu" na haikutaja sheria hata moja. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kupunguzwa kwa sheria, tena kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Utaratibu wa ndani usiochapishwa popote hauwezi kuibeba kazi hiyo. Pili, ofisi ilisema "maeneo ya mpakani," kumbe yule mwenzake aliomba eneo lile lile na hakuhakikiwa. Kama kigezo ni mahali, basi hakikufuatwa. Kilichofuatwa ni jina la kabila.

Hoja ya usalama isichukuliwe kwa mzaha. Lamu inapakana na Somalia. Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014 na watu zaidi ya 60 wakauawa, na baada ya hapo zikaja amri za kutotembea usiku na operesheni ya msitu wa Boni. Ni kweli pia kwamba Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka, kutoka Pate hadi visiwa vya Kismayu, na kwamba waliokimbia vita vya Somalia tangu 1991 walipokelewa na jamaa zao huku. Afisa akisema ni vigumu kuwatofautisha kwa lafudhi au sura, hasemi uongo. Ila jibu la kisheria ni kwamba ugumu wa kutofautisha hauhalalishi kushuku kabila zima wakati ipo njia nyepesi isiyoumiza: nambari ya kitambulisho cha baba, faili ya mama, daftari la shule ya msingi. Kifungu cha 24 chenyewe kinataka iangaliwe kama ipo njia yenye kuminya haki kidogo zaidi. Nami naongeza, ijapokuwa hili si la mahakama: kijana asiye na kitambulisho ndiye asiyeonekana na serikali. Anayeogopa wageni wasiojulikana angekimbilia kuwasajili wenyeji.

Kenya imeshaulizwa swali hili nje ya mipaka yake. Wanubi wa Kibera walipeleka malalamiko yao kwenye kamati ya Afrika ya haki za mtoto, ambayo Machi 2011 iliona watoto wao walinyimwa haki ya uraia na kubaguliwa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaikuta Kenya na makosa kwa kuwapiga msasa Wanubi kwa namna isiyowahusu Wakenya wengine. Miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa hiyo hiyo, kudaiwa hati za mababu. Hapa nyumbani, Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu katika kesi ya Huduma Namba, mfumo wa kumsajili kila mtu kwa nambari moja, walikiri kwamba wapo watu ambao wangeweza kuachwa nje kwa kukosa karatasi, wakataka mfumo mpana wa kisheria uwekwe kwanza. Kesi hizi hazikuletwa na Wabajuni, lakini mvua iliyowanyeshea ni moja.

Suala la wapi pa kulalamika nalipita haraka. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa chini ya sheria ya 2008, hupokea malalamiko ya ubaguzi wa kikabila na inaweza kupatanisha. Inafaa sana pale mbaguzi ni mwajiri au mwenye nyumba, ambao pia wanabanwa na Kifungu cha 27(5). Kwa ofisi ya serikali inayochelewesha, malalamiko yalipelekwa kwanza kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu waiitayo Ombudsman. Wengine huiona hatua hiyo ni kupoteza muda. Sikubaliani nao. Serikali ikishtakiwa, hoja yake ya mwanzo huwa kwamba mlalamishi hakumaliza njia nyingine zilizopo, na majaji wengi huikubali. Ukiwa na barua ya Ombudsman mkononi, hoja hiyo imekufa kabla haijazaliwa.

Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa ngazi iliyofuata. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba, na kwamba mahakama inaweza kuipokea hata ikiwa imeandikwa bila urasmi mwingi. Watu wa Lamu wanaijua mahakama hiyo. Ndiyo iliyoamua mwaka 2018 kesi ya bandari ya Lamu, na kuamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lakini kesi ile ilifunguliwa 2012. Miaka sita ni umri mzima kwa mtu anayengoja kitambulisho ili aingie chuo. Kwa hiyo ombi liliandikwa pamoja na ombi la amri ya muda: binti asajiliwe sasa kwa karatasi alizonazo, ubishi juu ya utaratibu uendelee baadaye. Kifungu cha 23 kinampa jaji uwezo huo, pamoja na kutoa tamko, zuio na fidia.

Halikufika kwa jaji. Notisi ya kusudio la kushtaki, ikiwa na nakala ya barua ya aya mbili na hati ya kiapo ya mwenzake, ilipelekwa kwa ofisi na kwa Mwanasheria Mkuu. Haukupita muda binti akapigiwa simu aje achukuliwe alama za vidole. Hakuna aliyemtaja babu. Kadi ilikuja.

Baba yake alisema, "Mwanangu, ushapata, tuyaache hapo." Namwelewa. Ana boti, ana leseni, ana watoto wengine watakaopita dirisha lile lile. Wakili alitaka kuendelea, nami ningekuwa upande wake. Kadi moja inamaliza shida ya mtu mmoja na kuuacha utaratibu mahali pake. Ofisi hujifunza kumpa anayepiga kelele na kumzungusha aliyenyamaza. Tamko la mahakama lingembana karani yeyote anayekuja. Na gharama si za kutisha kama inavyodhaniwa, kwa kuwa mahakama mara nyingi haziwatwishi gharama walioshtaki kwa nia njema kwa maslahi ya umma. Lakini kesi ni ya mwenye kesi. Kilichowezekana ni Kifungu cha 22(2), kinachoruhusu chama au mtu mwingine kushtaki kwa niaba ya kundi la watu, hata kama binti mwenyewe amejitoa.

Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa upigaji msasa wa ziada kwa jamii za maeneo ya mpakani. Wengi Lamu walishangilia, wengine wakanung'unika kwamba usalama umeuzwa. Kwa mwanasheria, tamko la Rais si sheria ya Bunge. Uwezo wa msajili kudai ushahidi zaidi bado uko kitabuni, na karani anaweza kuuliza habari ya babu bila kamati yoyote kukaa. Kilichobadilika ni utetezi wa serikali. Mdogo wake binti akienda dirishani na kuombwa kitambulisho cha babu, ofisi haitaweza tena kumwambia jaji kwamba usalama wa nchi hauwezekani bila msasa huo, kwa maana mkuu wa serikali amekwisha kusema unawezekana. Kitakachobaki kwa upande wa mlalamishi ni kazi ile ile ya kupata sababu kwa maandishi, na kumpata jirani mwenye karatasi sawa ambaye hakuulizwa.